Saa Iliyofutwa na Jina Lililorudishwa: Wapigapicha wa Jamii Asilia za Marekani na Maandishi ya Picha

Mwaka 1910 Edward Curtis aliwapiga picha Little Plume na mwanawe Yellow Kidney wakiwa wameketi ndani ya hema lao la Kipiegan. Katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Picha ilipotoka katika kazi yake kubwa ya majuzuu 20, iliyochapishwa kati ya 1907 na 1930, saa haikuwapo. Ilikuwa imefutwa kwa makusudi. Curtis aliamini kwamba anaowapiga picha ni watu wanaotoweka, na saa iliharibu hoja hiyo. Negativu imehifadhiwa hadi leo, na saa yake imo.

Makala hii inachunguza namna wapigapicha na wasanii wa jamii asilia walivyolijibu tendo la aina hiyo. Ninadai kwamba uzito wa jibu lao umo zaidi katika maandishi yanayoizunguka picha: nani anamtaja aliyepigwa, na kwa lugha gani.

Horace Poolaw, Mkiowa, alizaliwa Oklahoma mwaka 1906. Miaka mitano kabla, ardhi ya Wakiowa, Wakomanchi na Waapachi ilikuwa imekatwa vipande vya ekari 160 kwa kila mtu, na sehemu kubwa iliyosalia ikafunguliwa kwa walowezi kwa njia ya bahati nasibu. Watu aliowapiga picha, wengi wao jamaa na majirani, wamevaa suti na vilemba vya manyoya, wanaegemea magari, wanazika wafu wao. Mnamo 1944 alipigwa picha pamoja na Gus Palmer ndani ya ndege ya kivita huko Florida, wote wawili wakiwa na vilemba vya manyoya. Poolaw mwenyewe wakati huo alikuwa mwanajeshi akifundisha upigaji picha wa angani. Mtu aliyeona haja ya kufuta saa angeifanya nini ndege nzima?

Nyuma ya baadhi ya picha aligonga muhuri uliotaja jina lake na kueleza kuwa zimepigwa na Mhindi. Hata hivyo, hakuwa na fedha za kuchapisha nyingi. Aliacha negativu zipatazo 2,000, na alipofariki mwaka 1984 nyingi hazikuwa na maelezo. Binti yake, Linda Poolaw, ndiye aliyeongoza kazi ya kuzipeleka kwa wazee ili waliomo watambuliwe na kutajwa. Naiona kazi hiyo kuwa nusu ya pili ya upigaji picha wenyewe.

Kisa cha Apsáalooke, ambao wageni waliwaita Crow, kinaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mkataba wa 1851 uliwatambulia zaidi ya ekari milioni 38. Ule wa 1868 uliwaachia takriban milioni 8. Mwaka 1880 viongozi wao sita walisafiri hadi Washington kwa mazungumzo yaliyohusu kuachia ardhi zaidi na kuipitisha reli. Huko wakapigwa picha na Charles Milton Bell. Picha zikaingia katika hifadhi za serikali, na baadaye sokoni: sura ya Medicine Crow ilifika hata kwenye chupa za chai.

Mwaka 2014 msanii Wendy Red Star, mzaliwa wa Montana na binti wa jamii hiyo, alizichapisha upya picha hizo na kuandika juu yake kwa wino mwekundu. Mistari inazunguka nywele, mashati na manyoya, na pembeni anaeleza kila pambo lina maana gani na lilipatikana kwa tendo lipi la kivita. Zimo pia habari za wake, watoto na ardhi, na mzaha wa hapa na pale. Wino ule ni mwekundu kama wa mwalimu anayesahihisha daftari, na kinachosahihishwa ni maandishi ya hifadhi. Jina la Medicine Crow linaandikwa kwanza kwa lugha yake, Peelatchiwaaxpáash, kisha tafsiri ya Kiingereza inasahihishwa: ndege anayetajwa ni kunguru yule mkubwa wa nyika na milima, ambaye Kiingereza humwita *raven*, si *crow*.

Hapa mtafiti wa Kiswahili hukwama. Kwetu ndege wote wawili ni kunguru, kwa hiyo sahihisho lenyewe hupotea katika tafsiri. Tena kunguru wetu ni mwizi wa majalalani, na methali imekwisha kumtia woga. Kumwita shujaa huyu kwa jina la ndege huyo ni kumvisha sifa aliyoitumia maisha yake yote kuikanusha. Nasi tuna deni la zamani zaidi: jina “Wahindi Wekundu”, ambalo Kiswahili kilililea bila kuuliza, ilhali watu hao hawakutoka India wala si wekundu.

Katika tafsiri za maelezo ya picha hizi ninazoandaa kwa ajili ya wanafunzi, nimeliacha jina Peelatchiwaaxpáash kama lilivyo, na kando yake nimeandika sentensi mbili kuhusu ndege. Mhariri mmoja alipendekeza nizifute kwa kuwa zinachukua nafasi. Sijazifuta.