Vifaa 'vilivyotoka anga za juu': mnunuzi ajihadhari

Swichi, saa, redio na vifaa vingine vya elektroniki vya miaka ya 1960 huuzwa kwenye mtandao wa intaneti kwa madai kwamba viliwahi kusafiri anga za juu. Baadhi ya madai hayo ni ya kweli. Mengine hayana ushahidi wowote, ila bei kubwa.

Thamani hutoka wapi?

Mwezi Julai mwaka 2017, mfuko uliotumika kubebea mawe ya mwezini katika safari ya Apollo 11 ulinadiwa mjini New York kwa dola milioni 1.8. Mmiliki wake alikuwa ameununua mwaka 2015 kwa dola 995 tu.

Mfuko huo ulipata thamani baada ya uchunguzi wa Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, kugundua vumbi la mwezini ndani yake, na mahakama kuamua kuwa mnunuzi huyo ndiye mmiliki halali. Bila ushahidi huo ungebaki kuwa mfuko mkuukuu.

Zanzibar na Afrika Kusini

Bara la Afrika lina historia ya kweli katika safari hizi, na historia hiyo yaweza kutumiwa kupamba uongo.

Kituo cha Tunguu, Zanzibar, kilipokea mawasiliano ya chombo cha John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Baadhi ya wananchi walikipinga, wakihofia kuwa ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Rais Abeid Amani Karume iliamuru kiondolewe, na kikafungwa mwaka huo huo.

Nchini Afrika Kusini, kituo cha Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, kiliitumikia NASA tangu mwaka 1961 hadi katikati ya miaka ya 1970.

Hata hivyo, mitambo ya vituo hivyo ilikuwa ya ardhini. Kifaa kinachodaiwa kutoka Tunguu chaweza kuwa na thamani ya kihistoria, lakini hakikufika anga za juu.

Mjini Durban, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, ambacho kampasi yake ya Howard College ipo juu ya kilima kinachotazama Cato Manor, huunda roketi za majaribio aina ya Phoenix. Moja iliyorushwa Machi 2021 ilipaa karibu kilomita 18. Anga za juu huhesabiwa kuanzia takriban kilomita 100. Hivyo hata kipande halisi cha roketi hiyo hakiwezi kuitwa kifaa kilichotoka huko.

Lebo si hati

Lebo yenye jina la NASA huthibitisha jambo dogo tu: kwamba kifaa kiliwahi kuwa mali ya shirika hilo. Shirika hilo huweka lebo hata kwenye mitambo ya maabara na samani za ofisini.

Aidha, viwanda vilivyouzia miradi ya anga za juu viliuzia pia majeshi na makampuni ya ndege. Kwa kila kifaa kilichorushwa, vingine viliundwa kwa majaribio, mafunzo au akiba.

Mnunuzi aulize nini?

Kwanza, namba ya kifaa inalingana na kumbukumbu za chombo kinachotajwa?

Pili, kifaa kilirudije duniani? Sehemu kubwa ya roketi na vyombo vya wakati huo viliungua angani, vilizama baharini au vilibaki mwezini.

Tatu, nani amekimiliki tangu siku ya kwanza, na hati za kila mauzo ziko wapi? Kifaa kilichoibwa serikalini chaweza kudaiwa na mwenyewe hata baada ya miaka mingi.

Muuzaji anayejibu kwa kusema "inaaminika" au "huenda" hajajibu. Bei ya haki ya kifaa chake ni ile ya kifaa chochote cha zamani cha aina hiyo.