Phiona Mutesi: Binti wa Katwe Aliyefungua Mlango kwa Kete za Sataranji

Phiona Mutesi ni mchezaji wa sataranji wa Uganda aliyeiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi nne za mchezo huo. Alizaliwa mwaka 1996 hivi, akakulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala ambao hufurika maji kila mvua kubwa inaponyesha.

Baba yake alifariki dunia kwa UKIMWI Phiona akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Mama yake, Harriet Nakku, aliwalea watoto kwa biashara ndogondogo. Karo ilipokosekana, Phiona aliacha shule kabla ya kutimiza miaka kumi, akawa anatembeza mahindi ya kuchemsha ili nyumbani kupatikane chakula.

Mwaka 2005 alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, mwalimu wa kujitolea, aliwafundisha watoto sataranji na kuwagawia kikombe cha uji. Phiona alivutwa kwanza na uji. Somo lake la mwanzo alilipata kwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye: kwamba kete dhaifu kuliko zote, ikifika salama safu ya mwisho ya upande wa adui, hugeuzwa malkia, kete yenye nguvu kupita nyingine zote.

Nchini Uganda, ambako mchezo wa kete unaojulikana zaidi ni omweso, jamaa wa bao la Waswahili, sataranji ilihesabiwa kuwa mchezo wa wasomi. Watoto wa Katwe waliikanusha dhana hiyo mwaka 2009, pale Phiona na wenzake wawili, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, waliposhinda mashindano ya watoto wa Afrika mjini Juba.

Mwaka uliofuata Phiona alicheza Olimpiadi yake ya kwanza, mjini Khanty-Mansiysk, Urusi. Alishindwa michezo mingi na wapinzani wenye uzoefu wa miaka, lakini hakukata tamaa. Mwaka 2012 mjini Istanbul alifikisha nusu ya alama katika michezo tisa. Kwa matokeo hayo yeye na mwenzake Ivy Amoko walikuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kutunukiwa daraja la WCM, ngazi ya mwanzo katika madaraja ya kimataifa ya wanawake. Alirejea tena kwenye Olimpiadi za Tromsø mwaka 2014 na Baku mwaka 2016.

Sifa zake zilienea nje ya uwanja wa mchezo kupitia kitabu cha mwandishi wa Marekani Tim Crothers, kilichotoka mwaka 2012, na filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Madina Nalwanga wa Uganda aliigiza nafasi ya Phiona, naye Lupita Nyong'o wa Kenya akawa mama yake.

Ni haki kusema kwamba umaarufu huo uliutangulia uwezo wake mchezoni. Daraja la WCM liko mbali na lile la mabingwa wakuu wa dunia, na Phiona hakupata kulikaribia. Lakini anayeipima safari yake kwa alama pekee ataliacha lililo kubwa zaidi. Mchezo ulimrudisha darasani kwa ufadhili, ukaisaidia familia yake kupata makazi, na mwaka 2017 yeye na Mukumbya wakajiunga na Chuo Kikuu cha Northwest katika jimbo la Washington, Marekani.

Huko Kampala, Katende aliendelea kufundisha watoto. Jambo analosisitiza ni lilelile alilojifunza Phiona: kufikiri hatua kadhaa mbele, na kutokubali kushindwa ingali kete moja yaweza kusogea.