Bodi Imekufa, Picha Zimo: Historia Fupi ya Kuhamisha Chipu

Simu ikiloa maji na bodi ikaliwa na kutu, si fundi ang'oe tu chipu ya memori aisome? Zamani, kwenye simu nyingi, ilitosha. Aliyeyusha risasi kwa hewa moto, akaitoa chipu, akaisoma kwa mashine, na picha zikapatikana.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2009 iPhone 3GS ilikuja na uwezo wa kufunga data kwa misimbo ndani ya chipu zake. Mwaka 2014, iOS 8 ikaifungamanisha data nyingi zaidi na nambari ya siri ya mwenye simu. Ufunguo mwingine umechomwa ndani ya prosesa, wala hausomeki kutoka nje. Memori peke yake ni sanduku lisilo na ufunguo.

Ndiyo maana siku hizi fundi huhamisha prosesa na memori pamoja, kwenye bodi nyingine ya modeli ileile, akipanga upya vitone vya risasi chini ya kila chipu. Prosesa ikipasuka, basi tena. Kufuli linalomzuia mwizi humzuia pia mfiwa anayetafuta picha za marehemu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, weka nakala leo, simu ikiwa bado kavu.