Chuma cha Damascus na Wahunzi Wetu



Mwanafunzi wangu mmoja hapa Nyamirambo alikuja darasani na mchoro wa tanuru: mtungi wa gesi wa zamani uliokatwa, ndani umekandikwa udongo wa kuhimili moto, ubavuni pana bomba la gesi. Alitaka kufua kisu cha Damascus nyumbani kwao. Akaniambia, "Ustadhi, ufundi huu ni wa Waarabu na Wazungu, sisi hatukuwa na chuma." Hapo nikaona makosa mawili.

Kwanza ni hilo jina. Panga zilizosifika za Damascus zilifuliwa kwa chuma cha pua cha Uhindi, kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vidogo, na mawimbi yake yalitoka ndani ya chuma chenyewe. Alichochora kijana ni cha kazi nyingine: kupanga mabamba ya chuma kigumu na laini, kuyapasha moto hadi nyuzi 1,200 hivi, kuyapiga nyundo mpaka yashikane, kisha kuyakunja na kupiga tena. Al-Kindi, aliyefariki Baghdad karibu mwaka 873, aliandika risala juu ya panga na kutenganisha chuma kigumu, laini na kilichoungwa kwa vyote viwili. Al-Biruni, katika karne ya 11, alieleza panga za Warus: makali ya chuma kigumu, katikati laini, ili zisivunjike upesi.

La pili ndilo lililoniuma. Al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba chuma cha pwani ya Zanj kilichukuliwa na wafanyabiashara kupelekwa Uhindi, na huko kikafanywa panga bora. Yaani upanga uliosifiwa mbali huenda ulianzia kwetu! Hapa Rwanda chuma kimeyeyushwa kwa zaidi ya miaka 2,000, na nyundo ilikuwa alama ya ufalme. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa mwaka 1969, vyombo vya chuma vilikutwa humo. Ng'ambo ya Kagera, miaka ya 1970, wazee wa Kihaya walimjengea mtafiti Peter Schmidt tanuru kama la babu zao, kazi waliyokwisha kuiacha kwa sababu chuma cha dukani kilikuwa rahisi. Waliingiza mirija ya udongo mpaka ndani ya tanuru, hewa ya mivukuto ikapata joto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wamebishana sana hewa hiyo ilipata joto kiasi gani. Kwamba chuma kilitoka, hakuna anayebisha.

Mchoro nimeuzuia. Mtungi wenye mabaki ya gesi hulipuka ukikatwa, na moto wa gesi ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kijana amekubali twende kwanza makumbusho ya Huye, akaone vyombo vya wahunzi. Baba yake naye amesema atakuja.