Nyumba za mbao za Goma: namna wakaaji wanavyozitengeneza tangu zamani

Kila mwaka mwezi wa tisa unapokaribia, kabla mvua haijakolea, sauti ya nyundo inasikika katika mitaa ya Goma: Birere, Majengo, Katoyi, Ndosho mpaka Mugunga. Baba anatoa mbao iliyooza na kuweka nyingine. Mama anaziba matundu ambamo baridi ya usiku inapitia. Watoto wanakaa chini na jiwe, wananyoosha misumari ya zamani ili itumike tena. Kwa wengi hiyo ni kazi ya nyumbani tu. Lakini nyumba ya mbao ya zamani, ukiitazama toka chini mpaka kwenye manjanja, inakuonyesha yote ambayo mji huu umepitia.

Habari hii inawagusa zaidi wale ambao leo hawana nyumba, ao waliorudi kwao na kukuta nyumba haiko tena. Wazazi wao walianza upya zaidi ya mara moja, na namna walivyofanya inaweza kusaidia hata sasa.

Mji juu ya makoro

Goma ilianza kama posti ndogo ya Wabeleji mwanzoni mwa karne ya 20, ikitazamana na Gisenyi ambako Wajerumani walikuwa. Wazungu walijijengea nyumba za matofali na mawe kando ya ziwa Kivu. Wafanyakazi na wachuuzi walijenga upande wa juu, kwa vifaa walivyoweza kupata.

Hapa udongo ni shida ya kwanza. Mji umekaa juu ya makoro, yale mawe meusi yaliyotoka volkano. Kuchimba msingi mrefu kunaomba baramini, nyundo kubwa na siku nyingi za jasho. Udongo wa kufyatulia matofali haupatikani karibu. Mbao, lakini, zilishuka toka Masisi na sehemu zingine za milima, nyingi zikiwa za mikaratusi. Tangu miaka ya 1970 chukudu nayo ikawa chombo cha kuzibeba, na hata leo mtu mmoja anashusha mzigo wa mbao kwa chukudu mpaka mbele ya mlango wako.

Ndiyo sababu nyumba ya Goma ikapata umbo lake: chini ukuta mfupi wa makoro, juu yake nguzo na mbao, kisha manjanja. Ule ukuta mfupi wa mawe una kazi kubwa. Maji ya mvua yanayoruka toka chini yanapiga jiwe, hayapigi mbao. Nyumba isiyo na msingi huo, mbao zake za chini zinaoza mbele ya zingine zote.

Volkano ya 1977, wakimbizi wa 1994

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilipasua mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Moto ulikimbia kwa mwendo ambao watu hawakuweza kuukimbia. Vijiji vya kaskazini mwa Goma viliungua na watu wengi wakafa, lakini moto ulisimama mbele ya kufika katikati ya mji. Wakaaji wakaendelea kujenga palepale.

Mwaka wa 1993 vita ya Masisi ilileta familia nyingi mjini. Katikati ya mwezi wa saba 1994, watu karibu milioni moja walivuka mpaka toka Rwanda kwa siku chache tu. Kipindupindu kiliua maelfu, na miti mingi ya mbuga ya Virunga ilikatwa kwa ajili ya kuni. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zilidumu mpaka mwisho wa mwaka wa 1996.

Kambi hizo ziliacha kitu ndani ya nyumba za Goma: shitingi. Ile plastiki ngumu ya mashirika iliuzwa sokoni, ikashonwa na kupigwa misumari chini ya manjanja ili kupunguza baridi na matone. Mpaka leo, katika nyumba za zamani, unaweza kuvua karatoni ukutani ukakuta shitingi, na nyuma ya shitingi mbao za kwanza. Kila tabaka liliwekwa na mtu aliyekuwa na shida ya wakati wake.

Nyumba zenyewe ziliongezeka kwa nyuma. Ndugu akifika toka kijijini na watoto, familia inapiga anekse: nguzo ine, mbao chache, manjanja yenye matundu yaliyozibwa kwa lami. Iliyoitwa ya muda inakaa miaka ishirini.

Januari 2002

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka tena upande wa kusini. Safari hii moto ulipita juu ya uwanja wa ndege, ukakata mji katikati na kuingia ziwani. Watu zaidi ya mia moja walikufa, wengine wao siku chache baadaye kituo cha mafuta kilipolipuka. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi na Sake. Karibu watu 120.000 walibaki bila nyumba. Katedrali ya Goma nayo iliungua.

Wataalamu na viongozi walizungumza juu ya kuhamisha mji. Lakini wakaaji walirudi kwa miguu baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto chini ya viatu. Sababu haikuwa ukaidi tu. Kazi yao ilikuwa Goma, soko lao lilikuwa Goma, na katika kambi za ng'ambo hapakuwa na maisha ya kuwangoja.

Walichokikuta kilikuwa kigumu kuelewa. Mawe mapya yalikuwa yamepandisha ardhi mita moja, mbili, na mahali pengine zaidi. Kuna nyumba za ghorofa ambazo chumba cha chini kilifunikwa chote, na ghorofa ikawa ndiyo ya kuingilia toka barabarani. Avenue, lupango, mti wa mbele ya mlango: vyote vilikuwa chini ya mawe. Mtu aliweza kusimama juu ya kiwanja chake bila kujua mpaka uko wapi. Hapo majirani walihitajiana. Waliokumbuka nani alikaa karibu na nani walisaidia kupima upya, na waliokuwa na makaratasi waliyaonyesha. Palipokosekana makaratasi na ushahidi, ugomvi ulizaliwa.

Kisha ujenzi ukaanza. Mashirika yaligawa miti, shitingi na manjanja. Familia zikamalizia kwa mikono yao. Jiwe lililoua nyumba likawa kifaa cha nyumba mpya. Vijana walilivunja kwa nyundo, vipande vikubwa vikawa msingi na ukuta wa lupango, vidogo vikawa changarawe. Wenye pesa walijenga majumba ya simenti kando ya ziwa. Walio wengi walirudia mbao, wakijua kwa nini: mbao ni bei ya chini, inajengwa kwa siku chache, na hatari ikikaribia inaweza kung'olewa na kuhamishwa.

Kazi za mikono ndani ya nyumba ya zamani

Katika miaka hiyo yote wakaaji walijifunza mambo ambayo hayakuandikwa katika kitabu. Baadhi ni haya.

Mbao inapakwa mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, ndiyo sababu nyumba nyingi ni nyeusi. Mafuta yanazuia maji na wadudu. Lakini yanashika moto haraka na harufu yake si nzuri kwa mapafu, kwa hiyo yanapakwa nje tu, mbali na mahali pa kupikia, na nyumba inaachwa ikauke.

Kati ya mbao na mbao, fundi anapiga ubao mwembamba ili kufunika nafasi. Mbao mbichi inajikaza ikikauka, na nafasi inarudi. Anayeweza kungoja, anaziacha mbao zikauke kivulini mbele ya kuzipiga misumari. Asiyeweza, anajua kwamba mwaka unaofuata atarudia kazi.

Manjanja yanakula kutu haraka kuliko sehemu zingine, zaidi upande wa Rusayo na magharibi ya mji, kwa sababu moshi wa volkano unachanganyika na mvua na kuifanya kali. Kutu ikianza kwenye msumari, tundu linazibwa siku ileile. Na kwa kuwa familia nyingi zinakinga maji ya manjanja, maji ya kwanza ya mvua yaachwe yapite: yanaosha majivu na uchafu. Yanayofuata ndiyo yanayoingizwa katika pipa ao bidoni.

Kuna pia jambo la mazuku. Upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert, gazi isiyo na rangi inatoka ardhini na kukaa katika mabonde. Ni nzito kuliko hewa, inaua mtu na mnyama bila kelele. Wazee walikataza watoto kucheza mashimoni asubuhi, na hawakuchimba chumba chini ya nyumba. Anayechimba choo ao kushusha sakafu katika sehemu hizo asifanye kazi peke yake, na akisikia kizunguzungu atoke mara moja.

Moto ni adui mwingine. Birere imeungua mara nyingi, kwa sababu nyumba zimebanana na mbao ni kavu. Mbabula ya makala ikae nje ao karibu na ukuta wa mawe, kamwe isilale ndani ya chumba kilichofungwa. Kipenyo kati ya nyumba mbili kisigeuzwe kuwa stoo. Siku ya moto ndicho mlango wa watoto.

Kupanga vitu mahali padogo

Chumba cha mita tatu kwa tatu kinaweza kulaza watu sita. Hapo mpangilio ni kazi ya kila siku. Mama wa Goma anapandisha vitu juu: ubao mrefu chini ya paa kwa masufuria na nguo, misumari mikubwa ukutani kwa mifuko, kitanda kilichoinuliwa kwa matofali ili bidoni na magunia yaingie chini yake. Pazia linagawa chumba cha wazazi na cha watoto. Godoro la watoto linakunjwa asubuhi, na mahali pale panakuwa sebule.

Baada ya 2002 familia nyingi ziliongeza desturi moja: mfuko mmoja karibu na mlango, wenye makaratasi ya kiwanja, kadi ya uchaguzi, vyeti vya shule na dawa. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena bila kutangulia kuonya, mfuko huo ulikuwa na maana. Moto ulisimama Buhene, pembeni kabisa ya mji, lakini maelfu ya nyumba ziliungua upande wa Nyiragongo. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika, na tarehe 27 Mei mitaa 10 kati ya 18 iliamriwa kutoka. Waliporudi, wengi wenye kuta za matofali walikuta nyufa. Nyumba ya mbao ilikuwa imeyumba na kusimama.

Nyumba zilizoachwa na vita

Tangu 2022 vita ilijaza tena Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo watu toka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Huko, mahema ya miti na shitingi yalisimama juu ya makoro yaleyale. Mwanzoni mwa 2025, vita ilipoingia Goma, kambi ziliachwa tupu na nyingi zikabomolewa. Familia zilibeba shitingi na miti yao kichwani, wengine kurudi vijijini, wengine kutafuta chumba mjini.

Anayerudi kwake mara nyingi anakuta mbao zimechukuliwa, milango haipo, manjanja yameng'olewa. Kinachobaki ni ule ukuta mfupi wa mawe. Usiudharau. Hauwezi kubebwa kirahisi, na unaonyesha nyumba ilifika wapi. Mbele ya kujenga, safisha msingi huo, pima pembe zake, na uwaite majirani pamoja na mkubwa wa nyumba kumi waone. Andika siku na majina ya walioshuhudia. Waliofanya hivyo baada ya mawe ya 2002 walikuwa na neno la kusema ugomvi ulipokuja.

Anayepanga chumba kwa mtu naye apatane na mwenye nyumba mbele ya kununua mbao: nani analipa, kiasi gani kinatoka kwenye kodi, na siku ya kuondoka nani anabaki na manjanja. Mapatano yawe kwa karatasi.

Kisha anza na chumba kimoja. Msingi, nguzo, paa. Kuta zinaweza kuwa shitingi mpaka mbao zipatikane. Ndivyo nyumba nyingi za Majengo na Katoyi zilivyoanza, na leo watoto waliozaliwa ndani yake wananyoosha misumari ya wazazi wao.