Nyumba ya Shemasi na Pembe za Ndovu

Nabii Amosi alipowakemea matajiri wa Samaria, alitaja vitu viwili kwa pamoja: vitanda vya pembe za ndovu na nyimbo za kinubi. Nilipokuwa chuo cha theolojia niliyasoma hayo kama habari za kale. Baadaye nilisoma historia ya nyumba moja ya Marekani, nikaona kwamba yanatuhusu hata sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru.

Nyumba hiyo ilikuwa ya George Read, mwenye kiwanda katika mji mdogo wa Deep River, jimbo la Connecticut. Kiwanda chake kilichonga pembe za ndovu: kwanza vitana, kisha vipande vyeupe vya kubonyezea piano. Read alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti, tena mpinga utumwa wa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alifika kwake kijana Daniel Fisher, mtumwa aliyetoroka Virginia. Shemasi alimpokea, akamficha, akamtaka ajiite William Winters na kuvaa nywele za bandia asitambuliwe. Winters aliishi katika mji huo hadi uzee.

Hapo tungeweza kusema Amina. Lakini pembe zilitoka wapi?

Kadiri miaka ilivyokwenda, nyingi zilitoka Unguja. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho babu zetu walikiita merikani, zikarudi na pembe. Misafara ya kuzitafuta ilipanda bara kwa njia kadhaa. Mojawapo ilianzia Pangani, ikapita pande zetu za Kilimanjaro na Meru kuelekea Umasaini. Wabebaji wengi walikuwa wapagazi wa ujira, lakini wengine walikuwa watumwa, na mara nyingi mfanyabiashara wa pembe alikuwa ndiye huyo huyo mfanyabiashara wa watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu.

Basi nyumba iliyomficha mtumwa mmoja ililishwa na biashara iliyofungamana na utumwa wa wengine. Wapendwa, sisemi shemasi alikuwa mnafiki. Alimfungulia aliyebisha hodi, na alifanya hivyo kwa hatari. Ila wapo wasioweza kubisha hodi, kwa kuwa bahari imewatenga nasi.

Kwetu hata bahari haikuwepo. Mwaka fulani tuliweka wakfu jengo letu jipya. Kwaya iliimba, kinanda kikalia, nami nikahubiri juu ya upendo wa jirani. Vibarua waliobeba mawe ya msingi walikuwa wanatudai ujira wa majuma mawili. Karatasi ya malipo ilikuwa juu ya meza yangu, haijatiwa sahihi. Aliyenikumbusha ni mama mmoja muuza ndizi nje ya lango, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wao. Niliona aibu, nikatia sahihi jioni ile ile.

Tangu siku hiyo, kabla ya kusifu uzuri wa nyumba yoyote, hata nyumba ya Bwana, huuliza kwanza: nani amebeba mzigo huu, na je, amelipwa?