Bunduki Nyuma ya Kanisa la Wataliani

Ukiteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya Limuru kwenda Naivasha, karibu na Mai Mahiu utaona kanisa dogo la mawe kando ya lami. Watu kumi na wawili wakiketi, limejaa. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Madereva husimama hapo, watalii hupiga picha, na kila mgeni husimuliwa habari za Wataliani. Mimi kila nikipita humuwaza aliyesimama nyuma yao na bunduki.

Addis Ababa ilipoanguka Aprili 1941, Wataliani waliletwa Kenya maelfu kwa maelfu, wakawekwa Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Londiani na kwingineko. Duke wa Aosta, aliyekuwa mtawala wao Ethiopia, alifia Nairobi Machi 1942 akiwa mateka, akazikwa Nyeri. Lindoni walisimama askari Waafrika. Fikiria kijana aliyekulia katika nchi ambamo mwanamume Mwafrika alitembea na kipande cha utambulisho shingoni, ndani ya kijikopo cha bati, na asipokuwa nacho anakamatwa. Sasa anamwambia Mzungu arudi nyuma ya seng'enge, na Mzungu anarudi. Sidhani kama kuna hotuba ya siasa iliyomfunza mtu zaidi ya hilo.

Januari 24, 1943, wafungwa watatu wa kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kwa ufunguo wa bandia ili kupanda Mlima Kenya. Kamba zao zilitoka kwenye nyuzi za katani za vitanda vya kambi. Benuzzi na Balletto walisimika bendera ya Italia kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia saba tu, maana kamanda alivutiwa na ushujaa wao. Benuzzi aliandika kitabu, na dunia ikamjua. Ushujaa wa askari ulikuwa wa kukesha kwenye baridi ya Nanyuki usiku baada ya usiku, nao hauandikiwi vitabu.

Vita vilipokwisha, serikali iliwagawia mashamba ya nyanda za juu Wazungu waliotoka jeshini. Askari Mwafrika alirudi kwao na cheti cha kuachishwa.

Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Miaka miwili baadaye watu wa Nyeri walihamishwa kwa nguvu, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Aliyewahi kulinda Wataliani hakuhitaji kuelezwa mambo ya mahali pa namna hiyo: mnara wa mlinzi, lango linalofungwa jioni, foleni ya kuhesabiwa. Safari hii aliyehesabiwa ni yeye.